Ukuta wa chini ya mchanga unapovuja: tafuteni pengo kabla ya kufukua

Swali: Kijiji chetu kipo Wilaya ya Chamwino, Dodoma. Mwaka juzi tulichimba mtaro kukatiza korongo la mchanga, tukajenga ndani yake ukuta wa mfinyanzi tuliouchukua mbugani. Urefu ni mita 40, unene mita 1.5, na msingi upo mita 4 chini ya uso wa mchanga. Kilele tulikiacha mita 1 chini ya mchanga. Mvua zikiisha mwezi wa nne maji yanakuwa yamejaa hadi karibu na kilele, lakini ikifika Agosti mashimo ya kuchotea yamekauka. Fundi ametushauri tuufukue ukuta wote tujenge wa zege. Tufanyeje? – Katibu wa kamati ya maji

Jibu: Ndugu Katibu, poleni na adha ya kiangazi. Msiufukue ukuta wote, na saruji msinunue kwa sasa. Kwa vipimo mlivyotoa, mfinyanzi wenyewe, hata uwe wa wastani tu, hauna uwezo wa kuwamalizia maji ndani ya miezi mitatu. Kinachowamalizia maji ni pengo: mahali pamoja au pawili ambapo ukuta haukushikana na mwamba chini, au na ukingo pembeni, au tabaka la jana halikushikana na la leo. Zege likijengwa juu ya pengo lilelile litavuja vilevile, na gharama itakuwa imepanda mara nyingi.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayoonyesha pa kutazama. Kanuni aliyoiweka Mfaransa Henry Darcy mwaka 1856 inatuambia tuzidishe vitu vitatu: upenyevu wa udongo, mteremko wa maji na eneo yanamopita. Mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri una upenyevu wa takribani mita 0.00000001 kwa sekunde. Mchanga wa korongo, ule wa kati hadi mnene, ni karibu mita 0.0005 kwa sekunde, yaani mara 50,000 zaidi. Ukuta wenu unazuia maji ya kina cha mita 3 kwa unene wa mita 1.5, hivyo mteremko ni 2. Eneo ni mita 40 kwa 3, sawa na mita za mraba 120. Ukizidisha, na hapo tunakadiria kwa juu, ukuta mzima unapitisha lita 200 hivi kwa siku: ndoo 10. Hata udongo wenu ukiwa mbovu mara kumi ya huo, ni ndoo 100, na hifadhi inavumilia.

Sasa chukueni sehemu moja tu ya msingi, urefu wa mita 5, ambapo mtaro haukufika kwenye mwamba na pamebaki mchanga wa sentimita 20 chini ya mfinyanzi. Eneo lake ni mita 1 ya mraba, chini ya asilimia 1 ya ukuta. Maji yanasukumwa na kina cha mita 3 kupitia njia ya takribani mita 3, kwa kuhesabu na mzunguko wa kuingia na kutoka, hivyo mteremko ni 1. Jibu ni lita 0.5 kwa sekunde, karibu lita 43,000 kwa siku, ndoo zaidi ya 2,000. Pengo hilo dogo linavujisha mara 200 ya ukuta mzima.

Linganisheni na hifadhi yenu. Korongo lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 litarudisha maji nyuma mita 300. Kwa upana wa mita 40 na kina cha wastani cha mita 1.5, mna mchanga wenye maji wa mita za ujazo 18,000. Mchanga hautoi maji yote uliyoshika, hutoa karibu moja ya tano ya ujazo wa mchanga wenyewe, kwa hiyo ya kuchota ni mita za ujazo 3,600. Kijiji kinachochota mita za ujazo 10 kwa siku kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba kinahitaji 2,100 tu. Pengo la mita za ujazo 43 kwa siku linamaliza hifadhi hiyo kwa takribani miezi mitatu, na huo ndio muda mnaoulalamikia.

Kabla ya kuulaumu ukuta, hesabuni mifugo. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, hivyo ng'ombe 500 ni mita za ujazo 15 hivi, zaidi ya watu wote wa kijiji. Jua, kwa upande wake, msilihofie sana. Dodoma bwawa la wazi hupoteza zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka kwa uvukizi, lakini maji yakishashuka sentimita 60 chini ya mchanga, kinachovukizwa hubaki karibu sehemu ya kumi ya hapo. Hiyo ndiyo sababu ya kuyaficha maji mchangani.

Mabomba ya kupimia

Nunueni mabomba ya plastiki ya inchi 2. Mita 1.5 ya chini ya kila bomba ikatwe mifuo kwa msumeno wa chuma, kila sentimita 2, kisha ifungwe kipande cha chandarua chakavu ili mchanga usiingie. Zibeni mwisho wa chini. Lisimamisheni hadi karibu na mwamba, na upande wa juu wekeni kifuniko, la sivyo watoto watalijaza mawe.

Upande wa juu wa ukuta, mto unakotokea, wekeni bomba moja mita 2 kutoka ukutani, lingine mita 20, lingine mita 100. Upande wa chini pangeni msururu sambamba na ukuta, mita 2 kutoka nao, kila baada ya mita 5: mabomba 8. Moja zaidi liingie kwenye kila ukingo, nyuma ya ncha ya ukuta. Lisichomekwe bomba wala nondo ndani ya ukuta wenyewe, maana kila tundu ni pengo jipya. Vichwa vyote vipimwe usawa kwa mpira mwembamba unaoonekana ndani uliojazwa maji, ule mafundi wanaotumia kwenye msingi wa nyumba. Bila hivyo mtalinganisha namba zisizolingana.

Pimeni mara moja kwa wiki kuanzia mto unapoacha kutiririka. Usomaji wake ni huu. Bomba moja au mawili ya msururu wa chini yakiwa na maji juu kuliko majirani zake, pengo lipo mbele yake. Mkikuta maji kwenye bomba la ukingoni huku ya katikati ni makavu, maji yanazunguka ncha ya ukuta. Yakiwa yote ya chini ni makavu, na ya juu yanashuka kwa pamoja hata baada ya kutoa matumizi, basi maji yanazama kwenye mipasuko ya mwamba, na hapo ukuta hauna kosa. Ila jihadharini na wiki za mwanzo: mafuriko yakipita, uso wa maji mchangani unakuwa umeinama kufuata korongo, kisha unajisawazisha wenyewe. Bomba la mita 100 litashuka sana wakati lile la karibu na ukuta limetulia. Huko si kuvuja.

Kujua kiasi, pimeni usiku, wakati hakuna anayechota na jua halipo. Saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, kwa siku saba, kwenye bomba lililo angalau mita 20 kutoka shimo la kuchotea. Lililo karibu zaidi litakudanganya, kwa sababu uso wa maji ulioshushwa kwa kuchota mchana hupanda tena usiku. Hifadhi yenu ikijaa ina uso wa mita za mraba 12,000, hivyo kila sentimita 1 inayoshuka, kwa ile moja ya tano, ni mita za ujazo 24 za maji. Pengo la mfano wetu litaonekana mwezi Mei kama karibu sentimita 1 kwa usiku mmoja. Jumlisheni usiku saba ili makosa ya futi yamezwe.

Kama mabomba hayajatoa jibu la wazi, tumieni chumvi. Yeyusheni kilo 2 za chumvi ya kawaida kwenye lita 100 za maji ya hapohapo, mimineni taratibu kwenye bomba la juu lililo mita 2 kutoka ukutani, kisha pimeni mabomba ya chini kwa kifaa kidogo cha kupima uwezo wa maji kupitisha umeme. Pimeni kwanza kabla ya kumwaga, kwa sababu maji mengi ya Dodoma yana chumvi yake ya asili. Msiongeze chumvi mkidhani mtaona vizuri zaidi. Maji mazito yatazama na kufuata njia yake. Kupitia mfinyanzi mzuri, chumvi ingehitaji karibu mwaka mzima kuvuka mita 1.5. Kupitia pengo la mchanga hufika ndani ya saa chache, au siku mbili ikibidi izunguke. Kwa hiyo ikitokea upande wa pili ndani ya wiki, haikupita kwenye udongo. Watangazieni watu mapema, na asitumie mtu rangi wala mafuta: haya ni maji ya kunywa.

Kwa nini pengo hutokea

Msingi ndio mshtakiwa wa kwanza. Makorongo ya Chamwino yamelala juu ya granaiti na mawe ya jamii yake, na juu ya mwamba mzima kuna mwamba uliooza, kokoto laini inayopitisha maji karibu kama mchanga. Juu yake tena mara nyingi kuna tabaka la chokaa lililoganda. Mtaimbo ukiligonga linalia kama mwamba, wachimbaji wanashangilia, mtaro unasimamishwa pale. Chini yake kumbe kuna mchanga. Upande wa Bahi na Manyoni lipo tabaka gumu linaloitwa saruji ya Kilimatinde, jina tu likionyesha jinsi linavyofanana na kazi ya mikono, nalo vilevile lina matundu na nyufa. Dawa ni kutoboa angalau mahali pawili kabla ya kuamini. Kwa ukuta uliokwishajengwa, chukueni nondo ya milimita 16, ichongeni ncha, ikateni vijino kila sentimita 25, muipigilie nyundo kwenye mstari ulio mita 1 upande wa juu wa ukuta, kila baada ya mita 2. Mkiivuta, vijino vitakuwa vimeshika sampuli ya kila kina. Palipo na shimo refu kwenye mwamba kuliko kina cha mtaro wenu, pawekeni alama.

Pili ni kingo. Ukuta ukiishia kwenye uso wa ukingo, maji yanapita nyuma yake, kwa sababu ukingo wa korongo ni matabaka ya mchanga na tope yaliyotobolewa na mizizi, mchwa na panya. Ncha ziingie ndani ya udongo mgumu wa ukingo mita 2 au zaidi, na zipande juu kidogo kuliko kilele cha katikati, ili mafuriko yasichimbe pembeni.

Tatu ni mwili wa ukuta, na hapa udongo wa mbuga una tabia ya kuwasumbua. Ukiwa na unyevu unabana vizuri sana. Ukikauka unapasuka. Hifadhi ikishakauka tangu Agosti, nusu ya juu ya ukuta inakauka nayo hadi Desemba, nyufa zinafunguka, kisha furiko la kwanza linasukuma mchanga ndani yake. Mfinyanzi unavimba tena lakini ufa haufungi, mchanga umeshaubana wazi. Hivyo pengo la msingi linaweza kuzaa nyufa za juu, na mwaka unaofuata kuvuja kunaongezeka. Kama mwaka huu maji yameisha mapema kuliko mwaka jana kwa mvua zinazofanana, tazameni hapo. Makosa ya siku za ujenzi pia huacha madirisha: mchanga ulioporomoka mtaroni ukafunikwa na tabaka linalofuata, mabonge makavu yaliyotupwa bila kuloweshwa, au tabaka lililoachwa juani usiku na mchana kisha likaendelezwa bila kukwaruzwa.

Lipo na jambo ambalo wengi hawalipimi, nalo ni udongo wenye magadi, ambao hautafuti mwamba uliooza wala ukingo dhaifu: unayeyuka wenyewe. Chukueni punje ya udongo wenu, saizi ya mahindi, idondosheni kwenye glasi ya maji ya mvua, msiikoroge. Ikimomonyoka na maji yakabaki maangavu, hakuna ubaya. Wingu la kahawia likianza kusambaa kutoka kwenye punje ndani ya saa moja, udongo huo utachongwa na maji yanayovuja hadi iwe njia ya bomba. Maji ya kisima chenye chumvi yatauficha ugonjwa huu, ndiyo maana nasisitiza ya mvua. Ukikosa udongo mwingine, changanya unga wa jasi asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 30 hadi 35 kwa kila mita ya ujazo. Jasi inachimbwa Itigi, si mbali.

Kuziba

Fanyeni kazi hii Septemba na Oktoba, maji yakiwa chini kabisa na mvua bado. Chimbeni upande wa juu wa ukuta, si wa chini: kiraka cha upande wa juu husukumwa na maji kibane ukutani, cha upande wa chini husukumwa kiachie.

Nawaomba sana kuhusu usalama. Mchanga haukai wima. Shimo la mita 4 linahitaji mdomo wake uende mita 6 nje ya kitako kwa kila upande wa mchanga, yaani mteremko wa 1.5 kwa 1. Kijana akiingia kwenye mtaro wa kina cha kifua wenye kuta wima, mchanga ukimfunika hamtawahi. Rundo lisikae ukingoni mwa shimo, na msiufunue ukuta zaidi ya urefu mnaoweza kuumaliza kwa siku 2 au 3, kwani nao unaweza kulala.

Chimbeni kidimbwi kwenye kona ya chini kabisa, muweke hapo mdomo wa pampu ya petroli ya inchi 3 ili kazi ifanyike pakavu. Fuateni pengo hadi mwamba mzima, ondoeni mwamba uliooza wote unaotoka kwa sururu, kisha fagieni na kuosha. Nyufa za mwamba zijazwe uji mzito wa saruji na mchanga laini. Hapa ndipo saruji ina kazi. Uso wa ukuta wa zamani ukwanguliwe hadi mfinyanzi mbichi, ukatwe ngazi, na kiraka kivuke pengo kwa nusu mita au zaidi kila upande.

Mfinyanzi ulowekwe siku moja kabla, uvunjwe mabonge. Unyevu ni sahihi ukiweza kuviringisha uzi wa milimita 3 ambao ndipo tu unaanza kukatika. Ukishika mkononi kama tope, umezidi. Mimineni tabaka la sentimita 15, shindilieni kwa kishindilio cha kilo 10 hadi 15 mpaka kisigino kisiache alama, kwaruzeni, nyunyizeni maji, wekeni jingine. Jioni funikeni kwa viroba vilivyoloweshwa. Kiraka cha urefu wa mita 6, unene wa mita 1 na kimo cha mita 1.5 ni mita za ujazo 9 baada ya kushindilia. Leteni 12 za udongo uliolegea.

Watu watawapendekezea karatasi ya plastiki. Inafaa kama nyongeza juu ya mfinyanzi, ila peke yake siiamini. Tundu la sentimita 10 kwenye ukuta wenu mnene, hata likiwa limejaa mchanga, litavujisha mita za ujazo 0.65 kwa siku. Tundu hilohilo kwenye karatasi iliyolala katikati ya mchanga huvujisha 13, mara 20, kwa sababu maji hayana unene wa kupita. Na jiwe moja lenye ncha linatosha kuitoboa karatasi. Wengine watasema mmwage uji wa saruji kwenye mabomba ujipenyeze mchangani. Chembe za saruji ni kubwa mno kwa mchanga wa kati; zitaganda kuzunguka bomba kama kizibo, na pengo litabaki lilivyo.

Msilenge kuvuja sifuri. Kwenye maeneo yenye chumvi, maji machache yanayotoka hubeba chumvi kwenda nayo. Bwawa la Hombolo maji yake yana chumvi, na uvukizi una sehemu kubwa katika hilo. Halafu wapo watu wanaochimba mashimo upande wa chini wa ukuta wenu. Kabla ya kuziba, kaeni nao, na hakikisheni kibali cha kutumia maji kimepitia ofisi ya bonde lenu. Sehemu ya Chamwino inamwaga maji mto Kinyasungwe, ambao upo Bonde la Wami/Ruvu.

Baada ya mvua zijazo rudieni vipimo vya usiku saba wiki ya kwanza ya Mei, mabomba yakiwa palepale. Kushuka kukiwa chini ya sentimita 1 kwa jumla ya usiku wote saba, mnapoteza pungufu ya mita za ujazo 7 kwa siku, na maji yatawafikisha Novemba. Kukiwa bado sentimita 3 au zaidi, kuna pengo la pili. Utafuteni kwenye kingo kwanza.